Aliyetoka Peke Yake

Kipenga cha mwisho kilipolia, wenzake walianguka kwenye nyasi mmoja baada ya mwingine kama nguo zilizokatika kamba, lakini Komeo alibaki amesimama. Timu imeshuka daraja, uwanja mzima unalia, watu wazima na jezi zao wamejishika vichwa, na yeye aliyewaponza alikuwa anafikiria kamba ya kiatu chake cha kushoto, maana ilikuwa imelegea. Akainama akaifunga. Picha hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye simu za watu jioni ile: beki wa kati, nahodha, anafunga kamba za viatu mechi ikiwa imekwisha. Wakamtukana mpaka matusi yakawaishia. Hawakujua, masikini, kwamba mtu anaweza kufa ganzi akiwa wima.

Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto, na hilo ndilo lililowakera zaidi. Sare ilikuwa inatosha. Muda umeshayoyoma, wapinzani wamepata kona, mpira umepigwa, kipa ameupangua kwa ngumi, ukaenda kumwangukia kiungo wao nje ya boksi. Mabeki wakabaki na watu wao kama walivyofundishwa. Wote, isipokuwa Komeo. Yeye alichomoka mbio kuelekea katikati ya uwanja, mkono juu, anadai ofsaidi kama mtu anayesimamisha teksi, na nyuma yake akaacha uwazi wa kupitisha lori. Mpira ukarudishwa humo humo. Aliyeupiga kichwa bila hata kuruka alikuwa beki wao mkongwe, aliyepanda kwa ajili ya kona. Huyo watu wanamwita Spika. Na Spika ni shemeji yake Komeo, mume wa mdogo wake wa tumbo moja.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo, la sivyo mtamhukumu mtu bure.

Kwa zaidi ya miaka kumi hao wawili walicheza timu moja, bega kwa bega, mtu na ndugu yake. Kazi yao kubwa ilikuwa mtego wa ofsaidi. Asiyeujua aelezwe: mabeki wanapanda wote kwa pamoja, ghafla, na mshambuliaji anabaki nyuma yao akiwa amezidi, mpira ukija mwamuzi anapuliza. Ni kitu kizuri kikienda sawa. Akichelewa mmoja, au akiwahi mmoja, mmeumbuka wote. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja wa kuita, na wengine wasifikiri. Mwitaji alikuwa Spika. Jina hilo alipewa kwa sababu ya koo lake, koo la mtu aliyemeza kipaza sauti. Alikuwa akiita "Tokaaa!" hata wauza karanga jukwaani wanasogea hatua moja.

Komeo hakuwa na la kuamua. Anasikia, anatoka. Waandishi walimsifu kwa kusoma mchezo, wakaandika kwamba ana macho kisogoni, naye akanyamaza, kwa kuwa ni vigumu kumweleza mwandishi kwamba macho hayo ni ya mtu mwingine. Nje ya uwanja mambo yalikuwa vile vile. Spika ndiye aliyechagua gari gani wanunue, mtaa gani wahamie, kinyozi yupi anafaa. Alipoanza kumtongoza dada mtu, hakuweza kunong'ona, kwa hiyo klabu nzima ilijua kabla ya msichana mwenyewe. Komeo alifurahi kweli kweli. Alimpenda yule mtu, na hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe.

Kisha mkataba wa Spika ukaisha, akaenda timu nyingine. Kocha, mtu mfupi asiyecheka ovyo, akabadilisha neno siku ile ile. Mtu akihama na ufunguo, alisema, unabadilisha kufuli. Kuanzia hapo wakawa wanaita "Juu!", na mwitaji akawa Komeo mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani kwa wenyewe. Akajifunza hivyo hivyo. Mabeki waliokuja baadaye walilijua neno hilo tu, lile la zamani hawakuwahi kulisikia.

Basi kilichotokea kwenye kona ile ni hiki, na walikijua watu wawili tu. Mpira ulipopanguliwa, nyuma ya bega la Komeo sauti ikaita "Tokaaa!" Haikuwa kubwa kama zamani, ilikuwa ya kumtosha yeye. Miguu ikatoka. Kichwa kilipokumbuka kwamba mwenye sauti siku hizi anavaa jezi nyingine, mpira ulikuwa umeshafika wavuni.

Kocha hakumgombeza. Alimsubiri kwenye stoo ya mipira, chumba chenye harufu ya raba na dawa ya kuchua, akafunga mlango kwa kisigino.

"Nimekufundisha siku nyingi," alisema. "Wewe hutoki bila kuita au kuitwa, na leo hukuita. Nani aliita?"

Komeo akatazama nyavu zilizorundikwa pembeni. Kocha akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Ile kazi aliyoahidiwa, ya kufundisha mabeki wa timu ya vijana atakapotundika viatu, wakubwa wa klabu wameanza kuikalia vikao, hiyo pamoja na mkataba wake wa kucheza. Wanauliza, mtu aliyekimbia peke yake kama kuku aliyefunguliwa atamfundisha nani kushika mstari? Lakini kama kuna mpinzani aliyeita ili kumhadaa, huo ni udanganyifu, kanuni zipo, na yeye kocha atalisema kwenye kikao na kwenye shirikisho, na jina la Komeo litasafishwa. Huyo aliyeita, naye atajua mwenyewe pa kwenda. Wakubwa wanakaa kesho jioni.

"Nipigie kabla hawajakaa," alisema.

Komeo akajibu kwamba atampigia. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka vizuri.

Nyumbani mkewe alikuwa ameficha rimoti ya televisheni ndani ya kabati la vyombo. Hakumuuliza kitu. Alimwekea maji ya moto, akamwangalia akikaa ukingoni mwa beseni na miguu ndani mpaka maji yakapoa, na Komeo hakutambua kwamba yamepoa. Asubuhi yake akamwambia avae, waende kwa wifi yake kula kama kila Jumapili. Komeo akasema hana njaa. Mkewe akasema hakuna aliyemuuliza habari za njaa, asipokwenda leo hatakwenda tena.

Nyumba ya dada mtu ilikuwa na ghorofa ya chini iliyokamilika na ya juu iliyobaki nguzo na nondo zimechomoza. Sebuleni kulikuwa na cherehani mbili na marundo ya sare za shule, maana dada mtu alikuwa mshonaji, na ukitaka kukaa lazima kwanza uhamishe makola. Siku hiyo alikuwa ameshahamisha. Alimkumbatia kaka yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, pini za kwenye ukosi wake zikamchoma Komeo kifuani. Akamwambia shemeji yake yuko uani, anahangaika na mtungi wa gesi. Kisha, akijaribu kulisema kama jambo dogo, akamwambia kwamba ile timu imempigia Spika jana, wanampa mwaka mmoja zaidi. Walikuwa wamekwisha kumwambia aanze kutafuta kwingine, si unajua. Komeo alikuwa hajui. Akasema ni vizuri.

Uani, Spika alikuwa amechuchumaa, spana mkononi, anafunga mpira wa gesi kwenye mtungi mpya. Alipomwona akaanza kusema bila kuinuka. Haki ya Mungu ni mazoea, alisema. Mpira ulipopanguliwa tu, mdomo ukafunguka wenyewe. Amesahau yuko timu gani. Tangu jana chakula hakipiti. Aliyasema yote hayo kwa haraka na mfululizo, kama yaliyorudiwarudiwa kwanza mbele ya kioo.

Komeo akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alisubiri amalize.

"Mdomo ulisahau," alisema.

"Ulisahau, shemeji."

"Na miguu?"

Spika akarudisha spana kwenye nati.

"Wewe ulikuwa unaita ukiwa umeshaanza kukimbia," Komeo akasema. "Siku zote. Ndivyo ulivyonifundisha, sauti na mguu vitoke pamoja. Mtu akiita kwa mazoea, na yeye anatoka. Jana uliita umesimama."

Spika akaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazika. Alipozungumza tena, lile koo lake lilikuwa limepungua.

"Walikuwa hawanipi mwaka mwingine. Mimi sina ufundi mwingine, unanijua. Nikaona upo mbele yangu, mgongo wako ule ule." Akaweka spana chini. "Nilijua utatoka."

Hilo ndilo lingepaswa kumuua. Mtu mwingine angeinuka amchape makofi, na mimi nisingemlaumu. Komeo alijipekua, akatafuta hasira kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, mfuko huu, mfuko ule, hakuna. Alikuta tu kwamba nyasi za uani zinahitaji kukatwa, na kwamba mtungi ule mpya umepakwa rangi vibaya.

Dada mtu akatoka jikoni, mwiko mkononi. Alikuwa amelia na kunawa uso.

"Kaka, nakuuliza mbele yake," alisema. "Huyu ameniambia aliita, na ameniambia ni mazoea. Tangu jana hatulali, nageuka huku, nageuka huku, namwangalia. Wewe hujawahi kunidanganya tangu tuko wadogo. Ni mazoea?"

Spika hakuinua uso. Alikuwa anautazama ule mtungi kana kwamba ndio utakaojibu.

Komeo akamwangalia mdogo wake. Uzi mweupe ulikuwa umemganda kwenye mkono wa gauni. Akaziona na zile nondo za juu, akaisikia na sauti ya mpwa wake ndani akimwimbia mwanasesere. Kazi yake maisha yote ilikuwa kufunika. Mwenzako akipitwa, unakwenda kuziba, huulizi amepitwaje wala kama alijitakia.

"Mazoea, mdogo wangu," alisema. "Hata mimi ningeita."

Dada mtu akashusha pumzi yote kwa pamoja, akasema basi njooni mle, chakula kinapoa. Wakaingia wakala kuku na viazi. Wanawake waliongea habari za mashine iliyoharibika pedali. Spika alimjazia Komeo sahani mara mbili, akamchagulia paja kama zamani, bila kumuuliza, na Komeo akalila lote na asijue limekolea chumvi au la.

Jioni ilipoanza kuingia, akatangulia kuelekea kwenye gari, mkewe akabaki mlangoni akiagana na wifi yake. Hapo karibu na geti akatoa simu, akampigia kocha.

"Hakuna aliyeita," alisema. "Nilitoka mwenyewe."

 Kocha akamuuliza kama anajua maana ya maneno hayo, kwamba wakubwa wako mlango wa pili, kwamba akishakwenda kuwaambia hivyo hakuna kurudi. Komeo akasema anajua. Kocha akasema basi, sawa, na hakusema kwaheri. Kazi ikawa imekwenda hivyo, ya kucheza na ya kufundisha, zote mbili kwa simu moja fupi.

Spika alikuwa amejitokeza barazani na alikuwa amesikia. Ukimya ukamshinda, kama ulivyokuwa ukimshinda siku zote.

"Shemeji!" akaita.

Ilikuwa ile sauti yenyewe, nzima. Na kabla Komeo hajaamua kitu, miguu yake ilikuwa imesimama, imegeuka, iko tayari. Aliitazama. Hapo ndipo uchungu ulipomwingia, mara moja tu, kuanzia magotini kwenda juu, akaona aibu kwa ajili ya miguu yake mwenyewe kama mzazi anavyoona aibu kwa mtoto anayemkimbilia mtu asiyemtaka.

"Usiniite tena," alisema.

Spika akajaribu kucheka. "Nisikuite vipi?"

"Kwa lolote. Ukiwa na shida, mtume mkeo."

Alimpa kisogo, akaenda akaingia garini, akafunga mlango. Uchungu ukapoa kama yale maji ya jana, na ganzi ikarudi mahali pake. Mkewe akaja akakaa kando yake, akafunga mkanda, akasubiri. Mbele yao barabara ilikuwa nyeupe, haina gari wala mtu. Ufunguo ulikuwa mkononi na Komeo hakuwasha.

"Twende, baba," mkewe akamwambia.

Akasema wanakwenda. Lakini kioo cha upande wake kilikuwa wazi, na sikio lake lilikuwa limeelekea barazani, linangoja kuambiwa.