Nyumba Isiyo na Dari

Rugamba alijenga nyumba yake Kagugu mwaka wa tisini na moja, na tangu msingi unachimbwa mkewe Mukabalisa aliiona ni upumbavu unaosubiri kupakwa rangi.

Rugamba alikuwa mtu wa ofisi na tai. Aliwahi kupelekwa Ubelgiji kwa mafunzo mafupi, akaona madirisha mapana, akarudi nayo kichwani kama homa. Nyumba ya wakwe zake kule Rwezamenyo, yenye kuta nene za rukarakara, yale matofali ya udongo yanayokaushwa juani, aliiita kichuguu. Yeye alitaka matofali ya kuchoma. Ili kuyachoma alifyeka miti yote ya mikaratusi ya mama yake mzazi, Bibi Mukeshimana, kule kijijini. Tanuri lilifuka mpaka majirani wakakohoa.

"Baba Hirwa," Mukabalisa alimwambia mafundi walipokuwa wanapigilia mabati, "angalau weka dari. Na hilo dirisha linatazama magharibi. Jua la alasiri litatukaanga."

"Dari ni ya kuficha umaskini," Rugamba akajibu. "Wewe umezoea kuishi kama mchwa."

Dukani kwake Mukabalisa alikuwa amewauzia vitambaa wengi wa namna hiyo, wanaochagua kwa macho na kuja kulia baada ya kufua.

Siku ya kuzindua nyumba, wageni walikalishwa sebuleni mbele ya kioo kipana cha dirisha la magharibi. Mchana ulipogeuka jua likaingia bila hodi. Siagi ikayeyuka ikawa mafuta, padri akalegeza kola, wake wa wakubwa wakajipepea kwa sahani. Mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kwenda msalani, wakahamia jiko la uani, kibanda cha rukarakara kilichojengwa kwa ajili ya wapishi. Wakabanana humo na chupa zao.

"Huku iko baridi nzuri!" wakaitana.

Sebuleni akabaki Léonce, mkuu wa Rugamba kazini, ambaye heshima tu ndiyo iliyomzuia kukimbia. Baadaye wageni walirudishwa kusikiliza hotuba, na mvua nayo ikashuka juu ya mabati matupu. Mdomo wa Rugamba ulionekana ukifunguka na kufungika, sauti haisikiki. Mukabalisa alimpigia makofi kuliko wote.

Haukupita muda Bibi Mukeshimana akahamia kwao, maana bila miti yake hakuwa tena na kuni za kupikia. Akakuta nyumba inayochoma mchana na kugandisha usiku, kwa kuwa joto lote lilipaa likatoka kupitia mabati. Rugamba hakuweka dari. Alinunua jiko lingine la makaa.

"Nyumba ya kisasa hupashwa moto," alisema, kana kwamba kutetemeka ni cheo. Magunia ya makaa yakawa yanaingia na kuisha kama chumvi.

Asubuhi moja ya baridi Mukabalisa alimpelekea mkwewe chai. Akakuta kitenge kimesokomezwa chini ya mlango na jiko linawaka kando ya kitanda. Bibi alikuwa amelala mdomo wazi, haamki. Mukabalisa akamburuta mpaka uani, akamlaza kwenye matope, akawa anamwita na kumpiga mashavu.

Rugamba alisimama mlangoni na pajama zake. "Nilimwambia afungue dirisha! Nilimwambia!"

"Afungue lipi? Ulisema kioo kizima kinapendeza. Halina hata bawaba!"

Bibi akatapika, akafumbua macho. Wakamkimbiza hospitali, akarudi akiwa hai na mkali.

Mukabalisa hakuomba ruhusa ya mtu. Rugamba alipotumwa Butare kikazi, aliita mafundi. Wakatandaza dari ya mikeka ya mafunjo, wakaziba nusu ya kile kioo kwa rukarakara, wakatoboa matundu ya hewa juu ukutani na kuongeza paa la kutia kivuli upande wa magharibi. Bibi Mukeshimana aliketi uani akiwakaripia waliozembea.

Rugamba aliporudi, alisimama sebuleni na mkoba mkononi.

"Umenifanya kichekesho, Mama Hirwa."

"Kichekesho ulikuwa tangu zamani," mama yake akasema, akiendelea kuchambua maharage.

Alinuna siku nyingi. Lakini alinuna akiwa amelala vizuri, bila jiko chumbani, na gunia la makaa likawa linabaki jikoni tu kwa kazi ya kupika.

Kisha Léonce akaja kuwatembelea, alasiri ya jua kali kama ile ya siku ya kuzindua. Aliingia na leso tayari mkononi, akaketi, akaduwaa.

"Rugamba, umefanya nini? Hapa ni kama kanisani!"

Rugamba akakunja nne. "Ndiyo mpango wangu tangu mwanzo, mkuu. Watu hawaelewi. Nyumba huiachi ikamilike haraka. Kwanza unaisoma."

Mukabalisa alikuwa ameshika sinia la chai. Akamtazama mkwewe, mkwewe akamtazama. Wakatoka pamoja mpaka uani, na kicheko chao kikapasuka huko hadi Léonce akageuza shingo.

"Kuna nini?"

"Wanawake," akasema Rugamba, akijimiminia chai. "Hucheka ovyo tu."