Radhi ya Bi Mwanamkisi

Mume wangu Isa alinyonya ziwa moja na binamu yake Yahya. Hapa Shela kila mtu analijua hilo, na kwetu si jambo dogo. Mama yake Isa alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakamkauka. Akaja dada yake mkubwa, Bi Mwanamkisi, ambaye mwanawe Yahya alikuwa na nusu mwaka, akawanyonyesha wote wawili. Tangu siku hiyo Bi Mwanamkisi ni mama wa Isa kwa maziwa, na radhi yake ni radhi ya mama. Mtu aliyekosa radhi ya mama hana raha ya dunia wala matumaini ya akhera.

Majina walipewa na babu yao, marehemu Abdulhalim, kwa makusudi kabisa. Alipenda kusema kwamba mitume Yahya na Isa walikuwa watoto wa jamaa moja, mmoja akatangulia na mwingine akafuata, na Mungu akawatakia wote salama siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Ningekuwepo ningemwambia aache. Majina yale yana kisa chake, na kisa chenyewe hakimwishii vizuri Yahya.

Basi wakakua vile vile. Yahya alikuwa mkavu, mwingi wa saumu. Alihamia Mkokoni, akawa analala chumba cha nyuma ya msikiti na kula samaki wa kuchoma na asali ya msituni. Akija mjini Amu siku ya Ijumaa husimama nje ya msikiti akiwasema watu makosa yao, tajiri kwa maskini. Alikuja kwangu mara moja, akakataa hata soda. Isa ndiye mtu wa watu. Harusi haimpiti, na kicheko chake hufika barazani kabla yake. Kazi yake kuendesha boti ya hoteli moja ya Ras Kitau, kuvusha wageni. Mimi nilimpendea kicheko hicho.

Mwaka jana tajiri mmoja alizungushia ua makaburi ya zamani kule Mkokoni, ajenge nyumba za wageni. Yahya akamtaja kwa jina mbele ya halaiki. Haukupita muda akakamatwa, akatiwa rumande bara, eti mchochezi. Na tajiri yule alikuwa rafiki wa chanda na pete wa mwenye hoteli ya Isa.

Bi Mwanamkisi alikwenda kumwona mwanawe, na aliporudi alipitia kwetu kabla hata ya kufika kwake. Alikaa kwenye kochi langu, buibui limejaa vumbi la safari.

"Yahya yuwauliza," akamwambia Isa. "Asema, mwambie Isa, atakuya yeye au nimtazamie mtu mwengine?"

"Mwambie asiwe na wasiwasi, mama," Isa akasema. "Wakili tumempata. Chakula kitapelekwa. Watu wa haki za binadamu washapata habari."

Yote yalikuwa kweli, hakudanganya hata neno. Lakini yeye mwenyewe hakwenda. Leo hoteli ina wageni, kesho boti ina kazi, wiki ijayo inshallah. Nami nilinyamaza kwa sababu mshahara ule ndio tuliokuwa tukila. Kisha Yahya akashikwa na homa huko huko rumande, akafa kabla ya kesi kusikizwa.

Isa alipoambiwa aliwasha boti akaelekea kwenye mikoko ya Manda, peke yake, na hakuonekana mpaka watu walipokwisha kuzika. Kaburini walishuka watu baki kumpokea maiti, hali ndugu yake wa kunyonya yu hai. Amu nzima ililizungumza hilo.

Mambo yakaanza baadaye, tena mchana, wakati jua limewaka na watu wamejilaza na vichochoro vimenyamaza. Isa alikuwa akikurupuka kitandani.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Yahya. Yuko barazani. Yuwauliza kama nitakuya."

Nilimsomea Yasini, nikafukiza ubani nyumba nzima. Nilimwambia ni huzuni tu, itapita. Nikayaamini maneno yangu mpaka mchana mmoja yeye yuko kazini, mimi nakunja nguo juu, nikasikia sauti ya mwanamume chini, kavu, haina haraka: "Isa yuwaya?" Nilishuka na kanga mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na barazani hapakuwa na mtu. Punda amelala kwenye kivuli cha ukuta mkabala, hata sikio hakutikisa. Niliogopa, nasema wazi, nikafunga komeo mchana kweupe. Isa sikumwambia.

Kilichokuwa kikimla ni radhi. Alitaka Bi Mwanamkisi amsamehe kabla ya khitma ya arobaini, naye hakuwa na uso wa kwenda. Akanituma mimi. Nikapika biriani, nikaifunika vizuri, nikaipeleka nyumbani kwake Langoni, mjini Amu, na salamu za Isa. Bi Mwanamkisi aliipokea, akaniuliza habari za watoto, basi. Kwetu sahani ya jirani au ya jamaa hairudishwi tupu. Siku ya pili ikarudi imejaa. Nilipofunua nikaona ni biriani yangu ile ile, haikutiwa hata mkono.

Isa hakula siku ile.

Ndipo alipokuja Rufus, fundi wa mashine pale hotelini, mtu wa Taita, ambaye Jumapili huwahubiria Wakristo wenzake. Mtu mwema. Alikaa na Isa barazani, mimi nikiwa nyuma ya mlango na chai yao.

"Hata sisi tunaye Yohana, ndiye Yahya wenu," Rufus akasema. "Hakufanya muujiza hata mmoja. Alifunga, alikemea wakubwa, kazi yake ikawa kutengeneza njia tu. Yesu alikula na watu, akaponya, akaenda mpaka kwenye harusi zao. Yohana alipofungwa alimtumia swali kama hilo ulilotumiwa wewe. Yesu hakwenda gerezani, ndugu yangu. Alirudisha jibu, kwamba vipofu wanaona na viwete wanatembea. Na aliposikia Yohana ameuawa, akapanda mashua akaenda mahali pasipo watu. Hakuna anayemlaumu."

Nikamwona Isa anavuta pumzi, uso unamlegea kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hasira zikanipanda. Nikatoka na ile chai.

"Na wewe umemponya nani?" nikamuuliza mume wangu. "Yule alikuwa na vipofu. Wewe ulikuwa na wageni wa kuvusha."

Rufus akataka kunituliza, nami nikamgeukia yeye.

"Huyo wenu, baada ya kutoka huko kusiko na watu, alikwenda wapi?"

Rufus akajibu, "Mwishowe alikwenda Yerusalemu, dada. Nao wakamuua."

Kwetu twasema hakuuawa, lakini sikuwa na haja ya ubishi siku ile. "Basi mwishowe naye alikwenda," nikasema. "Aliijua ndia ya mwenzake, akaifuata kwa miguu yake. Hakutuma sahani."

Siku ya arobaini Isa alivaa kanzu, akaenda nami Amu, nyumbani kwa Bi Mwanamkisi. Khitma ilisomwa baada ya alasiri. Wanaume walipotawanyika, akaomba ruhusa kupanda juu, wanawake wakajisitiri. Bi Mwanamkisi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mimi alikuwa ameshanipokea, akaniuliza goti la mama yangu kama limepona, akanikumbusha ile dawa aliyonielekeza mwaka juzi. Akili yake ilikuwa timamu, macho yake mazima.

Isa akapiga magoti, akamshika mikono.

"Mama, ni mimi. Nimekuya kutaka radhi."

Bi Mwanamkisi akampapasa uso, polepole, paji na mashavu.

"Yahya," akasema. "Umekonda, mwanangu."

"Mama, mimi ni Isa."

"Isa hakuya, baba. Usimngojee tena." Akamwekea kiganja kichwani. "Radhi yangu unayo wewe, duniani na akhera."

Isa akanitazama. Nilimtikisia kichwa, nilitaka akatae, aseme jina lake tena, hata kama ni kwa kulia. Kisha akainamisha kichwa chini ya kile kiganja.

"Labeka, mama," akaitika.

Bi Mwanamkisi akaniinulia macho, na macho yale hayakuwa yamepotea hata kidogo.

"Nawe, Huwaida," akasema, "mumeo akirudi kazini, mwambie aye kwangu. Namngoja."

Isa alikuwa bado amepiga magoti baina yetu.

"Nitamwambia, mama," nikasema.