Pale Ulimi Unapokwama

Watu wananiita Pilipili, na sijawahi kulikataa jina hilo. Mdomo wangu hauna subira. Lakini wifi yangu, mjane wa kaka yangu, alinishinda, tena alinishinda kwa kunyamaza.

Tunashona pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoiacha kaka. Yeye anakata vitambaa, mimi nakaa kwenye cherehani. Kaka alikuwa mwashi. Alianguka kutoka juu ya jengo alilokuwa akilipiga lipu, akafikishwa hospitali ameshakata roho. Kanisa zima lilikuja msibani, wakaimba, wakapika, wakaosha vyombo. Tangu tumzike, wifi hakukanyaga tena kanisani.

Mwanzoni sikusema kitu. Msiba kila mtu anaubeba anavyojua. Lakini miezi ikapita, na kila Jumapili mimi nikivaa, yeye anafungua redio asikilize ibada huku anakunja vitambaa.

"Wifi, twende."

"Nenda tu, wifi. Mungu yuko hapa pia."

"Yuko, nani kakataa? Lakini kidole kimoja hakivunji chawa."

"Bahati nzuri mimi sina chawa."

Loo! Utamjibu nini mtu kama huyo? Nikaenda zangu nimenuna, nikaimba kwa hasira mpaka niliyekaa naye benchi moja akaniuliza kama naumwa.

Na kule kanisani nako kulikuwa na vituko vyao. Watu wetu wana huruma ya ajabu: walikubaliana wasimsumbue mjane. Hakuna anayempigia simu, asije akamkumbusha. Hakuna anayepita nyumbani, asije akamchosha. Hata pale alipozoea kukaa, karibu na dirisha, hakuna aliyethubutu kupakalia, utadhani marehemu ni yeye. Siku moja nikamwambia mchungaji, "Nyie mnamheshimu mpaka mnamzika." Akakohoa, akasema tuzidi kumwombea. Nikamwambia kuomba tunaomba, lakini na miguu Mungu aliiumba iwe na kazi. Akaniambia nina haraka.

Jumapili moja nilisahau miwani. Bila miwani sioni hata maneno ya nyimbo, nikageuza njia nirudi kuichukua. Nyumba ilikuwa kimya, redio imezimwa. Nikamwona wifi amepiga magoti kando ya meza ya kukatia, mgongo kanipa mimi. Alikuwa anasali ile sala ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake, tuliyoijua kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Akafika pale tunapomwambia Mungu afanye apendavyo yeye. Akanyamaza. Akaanza tena tangu mwanzo, akafika palepale, akakwama. Akaanza tena, safari hii haraka haraka, kama mtu anayetaka kuruka mtaro kwa mbio. Wapi!

Basi mimi, kwa mazoea tu, nikaumalizia ule mstari pale mlangoni. Kanisani ndivyo tulivyozoea, mwenzako akianza mdomo wako unafuata.

Akageuka akanitolea macho. "Umesimama hapo tangu lini?"

"Nimefuata miwani."

Nilijua atanifukuza. Badala yake alikaa chini kabisa, akaegemea mguu wa meza.

"Tangu azikwe sijawahi kufika mwisho, wifi. Nikifika pale naliona lile jengo. Namwambia Mungu, hapana, sikupenda, hukunitendea vizuri. Sasa nije kanisani kufanya nini? Nisimame katikati ya watu nimefunga mdomo? Au niseme kwa ulimi huku moyo unakataa? Unafiki siuwezi mimi."

Pilipili mzima niliogopa, nasema kweli. Siku zote hizo nilikuwa nagombana naye juu ya kwenda na kutokwenda, kumbe mwenzangu anazama palepale mezani, nami niko naye chumba kimoja. Nikaitazama ile redio nikaichukia. Inahubiri vizuri, lakini ukinyamaza haijui.

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Njoo unyamazie kule. Ukikwama sisi tutaendelea, ukiweza utatukuta mbele."

"Watanitazama."

"Si watazame! Macho walipewa ya nini?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chenye makamasi. Hakubadilisha hata gauni. Tukatoka naye na gauni lake la kazini, nyuzi zimeganda begani.

Tuliingia tumechelewa. Watu wakageuka, wengine wakaanza kulia hata hajakaa, jamani, nikawakazia macho. Mama mmoja muuza mkaa akanyanyuka, akamshika mkono, akamketisha kati yake na mimi, siyo kule dirishani.

Sala ikafika. Kanisani kwetu sala hiyo inasemwa polepole kwa ajili ya bibi kikongwe wa benchi la mbele. Kifua chake ni kibovu, kila mstari lazima avute pumzi. Zamani watu walikuwa wanamwacha nyuma, mchungaji akakataa, akasema tutafika wote au hatufiki. Kwa hiyo kila mstari ukiisha tunamsubiri. Kwa mtu kama mimi hayo ni mateso.

Tulipoukaribia ule mstari nikambana wifi mkono, nikajiandaa kumsemea. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mungu wangu, kaka yangu! Kila Jumapili nilikuwa nayasema maneno yale kama mtu anayekanyaga cherehani huku anachungulia dirishani, sikuwahi kusikia ninachosema. Siku ile nikasikia. Kaka aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kusoma saa, kifo chake ndicho nilichokuwa namwambia Mungu kwamba ni sawa. Machozi yakanishuka, na watu wakaendelea bila mimi.

Kisha nikasikia sauti ubavuni kwangu, inakwaruza, imechelewa, imebaki nyuma pamoja na ya yule bibi. Wifi alikuwa anausema ule mstari. Aliusema wote mpaka mwisho, huku amenibana mkono mpaka vidole vinauma.

Ibada ilipoisha watu walimzunguka pale nje, kila mmoja anataka kumkumbatia. Walipopungua nikamvuta pembeni.

"Umesema, wifi! Nimekusikia kwa masikio yangu haya!"

"Punguza shangwe," akasema, akinifuta uso kwa kiganja. "Ule nimekusemea wewe. Wa kwangu bado."

"Sasa wa kwako atausema nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Si wewe? Jumapili ijayo."