Sanda Yangu Mkiani mwa Ndege

Mbuzi alikuwa wangu, nakubali. Lakini na wewe niambie, ni mtu gani mwenye akili zake analaza usukani wa ndege chini, palepale mbuzi wanapokula majani, halafu anakwenda zake kula?

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, hapa Kilwa Masoko. Ndege ya jeshi ilitua Jumatatu ikiwa na mbegu za mahindi za vijiji vya ujamaa. Ilikuwa kuukuu, ya injini moja, viraka hadi tumboni. Fundi wake, Koplo Alfonsi, mtu wa Masasi, aliona kitambaa cha usukani wa mkiani kimechanika kidogo. Maana usukani ule, nilikuja kujua, ni fremu nyepesi tu iliyovikwa kitambaa na kupakwa rangi. Akaufungua, akaulaza kivulini chini ya bawa, akaenda kula. Aliporudi, mbuzi wangu alikuwa amekwisha kula nusu ya kitambaa na anaitafakari nusu iliyobaki.

Rubani, Kapteni Nassibu, aliita Dar es Salaam kwa redio ya ndege. Jibu lilikuja kesho yake. Kitambaa cha namna ile hakipo ghalani, na kikiagizwa Ulaya kitachukua miezi minane. Kwa hiyo Jumamosi litakuja lori la mafundi, waichinje ndege pale pale uwanjani. Kuchinja ndiyo lugha yao: unaifungua ndege moja vipande vipande ili wenzake wapate spea. Ndege za aina ile zilikuwa tano. Mbili zilikwisha kuchinjwa, na hii ilikuwa inaruka kwa breki za mmoja wa marehemu hao.

Nilikwenda uwanjani kujieleza, nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimkuta Alfonsi amekaa chini ya bawa, sahani ya wali haijaguswa.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Nikaitika marahaba na kusubiri matusi. Hayakuja. Akanieleza taratibu kwamba ameitunza ndege ile miaka tisa, kwamba anajua kila kikohozi chake, na kwamba Jumamosi atashika spana aifungue yeye mwenyewe, maana hataki mikono ya wengine iishike vibaya. Mbuzi wangu hakumtaja hata mara moja. Angenitukana ningerudi nyumbani nikalala usingizi wangu. Ule upole wake ndio ulioniumiza.

Nikamuuliza kinatakiwa kitambaa gani. Akasema pamba tupu, nzito, iliyofumwa kwa kubana. Rangi ya kukikazia anayo kopo zima. Duka la ushirika alikwisha kwenda, akakuta kanga na nailoni tu.

Nikaenda nyumbani, nikafungua kasha.

Sisi wanawake wa huku, tukishafika umri fulani, tunajiwekea sanda. Hatutaki kufa tukaanza kuwasumbua watu. Yangu alininunulia marehemu mume wangu, Bakary, huko Lindi: yadi kumi za marekani, pamba tupu nzito ya zamani, nimeifukiza udi kila mwaka. Niliitoa, nikakaa kitako nayo mapajani. Niliogopa, sikufichi. Kisha nikasema, Mola hatanikosesha nguo ya kuzikiwa, lakini yule mtu anayo ndege moja tu.

Alfonsi alipoambiwa ni kitambaa cha nini, aliirudisha mikono nyuma. Nikamwambia kwamba mimi si marehemu bado, anipe sindano.

Mimi nimeshona kofia tangu msichana, sikutarajia kufundishwa. Basi akanifundisha. Kwenye usukani wa ndege kila mshono una fundo lake, ili mmoja ukikatika mingine isifuate. Nilishona mstari wa kwanza kwa maringo. Akaupitishia kidole, akaufumua wote. Nilimchukia hadi adhuhuri. Mstari wa pili aliupitishia kidole, akaniongezea uzi, nami nikajiona nimepewa cheo. Tulimaliza Alhamisi jioni. Ijumaa akapaka rangi mara tatu, kitambaa kikakaza hadi ukikigonga kinalia. Chini ya harufu ya rangi nilikuwa bado nausikia udi wangu.

Jumamosi asubuhi lori liliwahi kufika kabla usukani haujafungwa. Mkuu wa mafundi wale aliutazama mshono, akauliza nani kashona. Akaambiwa. Akasema amri ni amri, isipokuwa ndege ipae mbele ya macho yake na kugeuka kulia na kushoto.

Usukani ukafungwa mahali pake, Kapteni Nassibu akapanda. Alfonsi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona anataka kucheka.

"Bibi, kwetu aliyetengeneza ndiye anayepanda kwanza. Ndiyo sheria ya mafundi. Kama hukiamini ulichokishona, sema sasa hivi."

Niseme mbele ya Masoko nzima? Nilipanda. Alfonsi akanifunga mkanda, akakaa kando yangu, injini ikanguruma, nikasoma kila sura niliyoijua na nyingine nusu nusu. Kisha ardhi ikatuachia.

Rubani akageuza kulia. Mshono ukashika. Akageuza kushoto. Ukashika. Alfonsi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, machozi yanamtoka waziwazi, anasema imepona, bibi, imepona. Nikamwambia asinilowanishe. Chini niliiona Kilwa Kisiwani nzima kwa mara moja, ng'ambo ya maji, na lori, na wale mafundi wanatupungia, spana zao zimelala majanini. Nilicheka kwa sauti kwa furaha, mimi mwanamke wa miaka sitini na mitatu.

Kapteni akageuka, akauliza kwa sauti juu ya kelele za injini kama sasa tushuke.

Nikamwambia azunguke tena, na safari hii apite juu ya nyumba yangu.