Umri wa Koo la Asta Maya

Kila asubuhi Asta Maya alichomoa mrija wa ndani wa koo lake, akausafisha, akaurudisha, kisha akaketi kizingitini kutazama vyungu vya mwanawe vikianikwa uwanjani. Aliwekewa mrija huo baada ya mpira wa kupumulia, aliotiwa kooni alipougua homa ya mapafu, kumwachia kovu lililobana njia ya pumzi. Akitaka kusema, sharti azibe tundu la mrija kwa kidole. Zamani akinadi vyungu mji mzima wa Bhaktapur ulimsikia. Sasa alikoroma kama birika, na jambo hilo lilimuuma. Alitaka sauti yake, basi.

Mgonjwa haulizwi uji, lakini Asta Maya aliulizwa umri.

"Kukata kovu na kuunga koo tunaweza, mama," alisema Daktari Risal. "Ila wewe umri umekwenda. Kwa wazee mshono haushiki vizuri."

"Nipunguzie basi, mwanangu," alisema, kidole kooni.

"Hilo siliwezi."

Kuhani aliliweza. Asta Maya alipotimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, alifanyiwa janku, sherehe ya uzee ya kabila lake, kama kila Mnewar aliyejaliwa kufika huko. Wana na wajukuu walimvuta mtaani kwa gari la mbao, watu wakimrushia maua, kuhani akitangaza kwamba amezaliwa upya. Kwa wengi hayo hubaki maneno tu. Asta Maya alipoteremshwa alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa kwa mkono mmoja, na mrija wake kooni. Mkwewe, Purna Keshari, alimlisha mtindi, akaenda kutafuta nepi.

"Sasa umri si tatizo," alisema Gyan Bahadur, mwanawe. Kesho yake wakapanda basi kwenda hospitali.

Daktari Risal alimpima, akatikisa kichwa. "Mdogo mno. Koo jembamba hivi, kovu litarudi. Mleteni akikua."

"Juzi mzee, leo mtoto! Mnataka umri upi, daktari?" aliuliza Gyan Bahadur.

"Thelathini hivi. Hao hupona vizuri."

Asta Maya alikuwa na jibu: alipokuwa na thelathini, koo lake lilikuwa zima. Akainua kidole. Kilikuwa chembamba kuliko tundu, pumzi ikapita kando, na neno halikutoka.

Kwenye benchi la nje, mzee mwenye mrija kooni, aliyesikia habari za janku hiyo, aliuliza kuhani huyo anakaa wapi. Gyan Bahadur akamwelekeza.

Nyumbani, akitoka kufinyanga, alinawa udongo, akaziba tundu kwa kidole gumba chake. "Haya, mama. Sema."

"Nimechoka kungoja," alisema mtoto.

Gyan Bahadur akaondoa kidole, mama yake apate kupumua.