Mukaba wa Emérence

Hebu niambieni ninyi wenye akili: mtu akijilaza chini mwenyewe, kwa kupenda kwake, ameanguka ao hakuanguka? Mama Emérence aliuliza swali hilo mwezi mzima kule Mususa, mtaa wa Butembo, na hakuna aliyempa jibu la maana.

Fundi wa radio, Ésaïe, ndiye aliyeleta taabu. Mwaka huo wa 2001 mama alikuwa ameteleza jikoni, akalalia nyonga yake tangu asubuhi mpaka jioni bila mtu kujua. Binti yake Joyeuse akamwendea fundi akilia. Ésaïe akachukua mukaba wa zamani, mkanda wa kiunoni, akaushonea kibomba cha plastiki chenye gololi ya kinga, ya baiskeli, ndani yake, pamoja na mapile manne, betri za radio, na sirene ya pikipiki. Mwenye kuuvaa akisimama wima, gololi inatulia. Akiinama sana ao akilala, gololi inabingirika na kugusa waya, na sirene inalia mpaka kwa Joyeuse, ng'ambo ya barabara.

"Koko, hii ni akili ya chuma," Ésaïe alimwambia bibi huyo, kifua mbele. "Chuma hapana danganya."

Haya, hakidanganyi. Lakini hakijui kuuliza pia!

Mama akiinama kupuliza moto, wiii! Akiokota kijiko, wiii! Jumapili moja aliinama kanisani wakati wa misa, sirene ikalia, na nusu ya waumini wakatimkia mlangoni wakidhani vita imefika. Emérence aliona haya mpaka akatamani ardhi immeze. Akawa anauvua mukaba na kuuficha chini ya kitanda, basi Joyeuse akaanza kuufunga kwa nyuma, kwa waya, mahali ambapo mikono ya mama haikufika. Asubuhi alikuja kuufunga, jioni alikuja kuufungua. Kuhamia kwa binti hakukuwezekana. Kwa namna Emérence alivyolelewa, mama mukwe halali chini ya paa moja na mukwe wake, hata mukwe awe mtu mwema kama Kamate, mume wa Joyeuse. Alikuwa mgumu, huyo mama, sitaficha.

Halafu masasi, risasi za vita, yakaanza. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nani alikuwa anapiga nani? Jirani mmoja alisema ni Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, wameshuka, mwingine akasema ni askari wenyewe kwa wenyewe, na wa tatu akaapa ni wote pamoja. Butembo nzima ilijua jambo moja tu: ukisikia masasi, chini! Emérence akajitupa chini, na sirene ikapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa.

Joyeuse alikuwa amelala sakafuni kwake. Aliposikia sirene akainuka, akafungua mlango, akavuka barabara mbio. Sasi moja ikapita katika kikwembe chake, kitenge alichojifunga, pembeni kabisa ya goti.

"Mama! Umeanguka?"

"Nimelala chini sawa batu bote! Weye unakimbia mu masasi, uko na kichwa kweli?"

Emérence alilitazama lile tundu la kikwembe, akaingiza kidole, kikatokea upande wa pili. Alikuwa amezaa watano na kuzika wanne. Huyu ndiye aliyebaki. 

"Toa hii kitu kwa mwili yangu," alisema.

"Nikitoa, na ukianguka tena? Hapana, mama."

"Basi masasi ikilia, usikuje."

"Nitajua aje kama umelala ao umeanguka?"

 Emérence alilala na swali hilo, akaamka nalo, akaenda nalo sokoni. Kilichomlinda asife peke yake ndicho kingemuulia mtoto. Nyamuhanga wangu, Mungu wangu, mambo gani haya?

Wiki mbili zikapita. Siku ya Alhamisi, mchana, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni masasi yalipoanza tena, na safari hii karibu. Majirani wakajitupa chini. Yeye naye akaanza kuinama, akasikia gololi ikisogea kiunoni. Akasita. Taratibu akajinyoosha.

Kiti chake kilikuwa uani, juani. Kukaa sakafuni kwa nyonga ile kulitaka ainame kwanza, mikono chini. Alipapasa waya nyuma ya mgongo auvue mukaba, vidole vikateleza. Basi akaikumbatia nguzo ya mlango, akasimama wima, mtu peke yake aliyesimama katika Mususa yote, ndivyo alivyofikiri. Udongo wa ukuta ukaruka karibu na bega lake. Mkojo ukamtoka, naye akasali rozari bila kupiga goti. Kila Salamu Maria aliimalizia kwa ombi moja: mtoto alale chini, tu alale.

Kukanyamaza mwishowe. Joyeuse akaja, bila mbio, uso mweupe kwa vumbi. Alimkuta mama yake kwenye nguzo.

"Mama, juu ya nini haukulala chini?"

"Kama ningelala, ungekuja," Emérence alisema. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alikuwa na furaha, maana mtoto alikuwa mzima. "Sasa sirene haikulia. Ulilala chini muzuri?"

Joyeuse akafuta vumbi usoni.

"Sikulala, mama. Masasi ilikuwa na makelele mingi, nikaogopa sirene inalia na miye sisikii. Nikafungua mulango, nikasimama pale inje, kwa barabara. Wakati yote. Ili nisikie."

Emérence alimtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha tena. Alitaka kumzaba kofi, alitaka kumshika asimwachie kamwe. Lakini mikono yote miwili ilikuwa bado imeikumbatia nguzo, na haikukubali kufunguka.