Wagika, Wagalu na Makopo ya Rangi Mbili

Kwa siku tatu za mwaka 1979, Daktari Mwahija wa Dar es Salaam na mwenzake, Daktari Ingegerd wa Uswidi, walikaa mbele ya meza tupu kijijini kwetu, karibu na Kishapu. Waliomba kila kaya ilete dawa zilizobaki, hasa zile kapsuli za kuua bakteria tunazoziita rangi mbili, na ieleze ilivyozitumia. Hakuja mtu. Wote waliogopa kugombezwa.

"Kesho tukikosa tena, Maduhu," Daktari Mwahija aliniambia, "utafiti unahamia mkoa mwingine."

Nilikuwa mkalimani wao, niko likizo kutoka shule ya bweni, ninakosifika kwa upole. Mwalimu wa zamu ana maoni yake.

Kwetu kila mtu ni Mgika au Mgalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kila baada ya mavuno. Jioni ile, kwa uchungu mkubwa, niliwanong'oneza Wagika: "Wagalu wanasema hamna dawa nyingi kama zao." Kisha nikaenda kuhuzunika vivyo hivyo kwa Wagalu.

Asubuhi ngoma zililia. Wagika walikuja na makopo, Wagalu na vibuyu.

"Kapsuli isiyo na maelezo haihesabiwi!" alitangaza Daktari Mwahija.

"Hizi huwa napasua, namwaga unga kwenye kidonda," alisema Masele, Mgika.

"Kidonda tu?" alidakia mama mmoja wa Kigalu. "Mimi nilimeza mbili kwa mafua, nikapona, nyingine nikampa kuku!"

"Mafua yangeisha yenyewe, mama," alisema Daktari Mwahija.

"Usinipunguzie hesabu, mwanangu!"

Daktari Ingegerd aliandika mpaka kalamu ikaishiwa wino.

Adhuhuri ilikuwa sare: mia mbili na kumi kila upande. Ndipo bibi yangu Mbuke, Mgalu mkongwe, aliposimama.

"Nyumbani kwangu, sandukuni mwa mjukuu wangu, mna kumi na nne; ni za Wagalu. Humeza moja kabla ya kila mtihani."

Nilizileta kwa hatua za mazishi.

"Hisabati ulipata ngapi?" aliuliza Daktari Mwahija.

"Ishirini na tatu, shikamoo."

"Marahaba. Ingegerd, andika: haitibu hisabati."

Kicheko kilitikisa mabati. Wagalu walishinda, utafiti ukabaki kwetu, Daktari Ingegerd akachezeshwa mpaka viatu vikamtoka. Nami, Mgika tangu kuzaliwa, nikabebeshwa ngoma ya washindi.